Adimu kwa sababu hakuna aliyeijali

Mzee alikuwa na sarafu mbili za senti tatu kwenye trei yake, zote za 1885, na akanisogezea ile mbaya.

Ilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli huku Pennsylvania, Marekani, yale maonyesho ya sarafu ya Jumapili ambapo meza zimepangwa mistari, wazee wana lenzi shingoni na kahawa ya bure haina ladha. Ile nzuri ilifungwa ndani ya plastiki ngumu na gredi yake imeandikwa juu, inang'aa mpaka unaona taa za dari ndani yake. Ile mbaya ilikuwa kwenye kikadi cha kadibodi chenye kidirisha, kijivu, imelika, kwenye taji la Liberty, yule mwanamke wao wa uhuru, neno LIBERTY limebaki herufi mbili za kubahatisha, na upande wa nyuma ile III ya Kirumi imelala kabisa, vile vimistari vya wima ndani yake havipo tena.

Nikauliza bei ya hiyo chakavu nikijua ni pesa ya chai.

Akanitajia bei ambayo haikuachana sana na ya ile ya kwenye plastiki. Nikacheka, nikadhani mzee ananipima kama nina akili. Hakucheka. Akasema, kijana, hiyo chafu ndo adimu, hizo zinazong'aa walitengeneza karibu mara nne yake.

Niliondoka bila kununua, lakini hilo jambo halikuniondoka, limekaa kichwani wiki baada ya wiki, nikiwa kwenye shifti, nikiwa kwenye foleni, nikiwa napika ugali. Sio bei iliyonisumbua. Ni ile hoja ya mzee, kwa sababu kila nilipoiangalia upya naona ina tundu.

Hesabu za Philadelphia

Mzee hakudanganya kwenye namba. Mwaka 1885 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kiligonga senti tatu za nikeli 1,000 tu kwa ajili ya matumizi ya watu. Elfu moja, kwa nchi nzima. Mwaka huohuo wakagonga 3,790 za prufu, yaani zile za kuuzia wakusanyaji, ambazo kipande cha chuma kinasuguliwa kwanza, mihuri (vile vyuma vyenye mchoro) inang'arishwa, halafu sarafu inagongwa taratibu ili kila unywele utoke. Mwaka mmoja nyuma yake, 1884, hali ni hiyohiyo, 1,700 za matumizi na prufu 3,942.

Yaani walifika mahali sarafu za kuangalia ni nyingi kuliko za kutumia.

Ukijiuliza kwa nini wasiache tu, jibu ni kwamba sarafu ilikuwa imeshakufa ila sheria haijaizika. Ilizaliwa Machi 1865, vita ya wao kwa wao inakaribia kuisha, na shida kubwa ilikuwa chenji. Tangu 1862 watu walificha fedha zote, dhahabu, silver, kila kitu, mpaka wakawa wananunulia vitu kwa stempu za posta, na serikali ikaanza kuchapa vinoti vidogo vya senti chache ambavyo vilichakaa vikawa vinatia kinyaa. Kwa hiyo senti tatu ya nikeli ikaja kuondoa kinoti cha senti tatu. Mwaka wa kwanza peke yake waligonga zaidi ya milioni 11. Na ilikuwa na kazi ya kufanya, maana stempu ya barua ilikuwa senti tatu.

Halafu silver ikarudi mtaani, na Oktoba 1883 posta ikashusha stempu kuwa senti mbili. Hapo ndo ikaisha kazi. Upana wake pia ni sawasawa na ule wa senti kumi ya silver, na rangi hazijaachana sana, sasa wewe mfanyabiashara gizani jioni unapokea kitu kama hicho cha nini? Ikaburuzwa hivyohivyo mpaka 1889, na 1890 Bunge lao likaifuta rasmi.

Basi hiyo elfu moja ya 1885 sio kwamba mtu alipanga iwe adimu. Hakuna aliyeihitaji, ndo maana.

Mtu wa nikeli

Kabla sijafika kwenye tundu la hoja ya mzee, nipite kwa Joseph Wharton kidogo, kwa sababu mimi naishi karibu na maeneo yake na siwezi kumruka.

Sisi Watanzania nikeli tunaisikia kwa Kabanga kule Ngara, kila mwaka inakaribia kuanza. Marekani ya karne ya 19 ukitaja nikeli umemtaja Wharton. Alikuwa na mgodi sehemu inaitwa Gap, kaunti ya Lancaster, na kiwanda cha kusafishia Camden, ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia. Ndiye huyohuyo ambaye jina lake liko kwenye ile shule ya biashara ya chuo kikuu cha Pennsylvania, 1881.

Sasa chukua kalkuleta. Senti tatu ya 1865 ina gramu 1.94. Kwa mwendo huo senti tano ilitakiwa iwe gramu 3.2 na ushee. Lakini sheria ya Mei 1866 iliyoleta senti tano ya nikeli, ile yenye ngao, ikaandika gramu 5. Kila sarafu ni robo nikeli na robo tatu shaba, kwa hiyo kila gramu iliyoongezwa ni mteja kwa mwenye mgodi. Wengi wanasema Wharton alikuwa na mkono hapo, na mimi nikiangalia hiyo hesabu sioni mkono wa mtu mwingine.

Na mpaka leo hiyo ndo gramu yenyewe. Ukiondoa miaka michache ya vita vya pili vya dunia, senti tano uliyopewa chenji leo asubuhi dukani ina uzito na mchanganyiko uleule wa 1866.

(Kituko cha pembeni: senti tano ya chuma ilipata nafasi kwa sababu pia kinoti cha senti tano kilijiaibisha. Bosi wa kitengo cha kuchapa noti, Spencer Clark, aliweka sura yake mwenyewe kwenye kile kinoti. Bunge likawaka, 1866 wakapiga marufuku mtu aliye hai kuwekwa kwenye noti. Nikikumbuka shilingi yetu yenye sura ya Mwalimu, akiwa hai kabisa Ikulu, huwa natabasamu peke yangu.)

Zile zilizofichwa na kila mtu

Nilivyoanza kuchimba hii habari ya uadimu nikakuta kisa cha 1883, na hiki ndo kilinigeuza mara ya kwanza.

Mwaka huo walibadilisha senti tano. Charles Barber akachora mpya, mbele kichwa cha Liberty na nyota 13, nyuma V kubwa ya Kirumi ndani ya shada. V tu. Hawakuandika senti popote. Wajanja wakaona riziki hiyo, wakaichovya rangi ya dhahabu, wengine wakaichonga mistari ukingoni, wakawa wanaipitisha dukani kama sarafu ya dhahabu ya dola 5, maana upana ulikuwa unakaribiana. Kuna simulizi ya bwana mmoja wanamwita Josh Tatum, bubu, kwamba alikuwa ananunua kitu cha senti tano, anaweka ile sarafu, ananyamaza, anarudishiwa chenji ya dola 5, na mahakamani wakashindwa kumfunga kwa sababu hajawahi kutamka kwamba ni dola 5. Tamu sana hiyo stori, tamu kupita kiasi kwa roho yangu, lakini udanganyifu wenyewe ulikuwepo kweli na sarafu zilizochovywa bado unazikuta mezani.

Serikali ikakimbilia kuongeza neno CENTS mwaka huohuo.

Sasa watu wakasikia zile za mwanzo zimesimamishwa, wakasema hizi zitakuwa mali, wakazificha. Kila nyumba ina kadhaa kwenye droo. Matokeo yake ni kwamba leo hii, zaidi ya miaka 140 baadaye, hiyo 1883 isiyo na CENTS ndo senti tano ya Liberty rahisi kuliko zote kuipata ikiwa mpya haijaguswa. Wakati senti tano ya 1885, ambayo ilitoka bila kelele, uchumi umelegea na chenji haihitajiki, wakagonga chini ya milioni moja na nusu, hakuna mtu aliyeiwekea hata kopo. Hiyo leo hata ikiwa imelika kabisa unalipa dola mia kadhaa, na matapeli wanajua, ndo maana ukiletewa 1885 ya bei nzuri unaangalia ile 8 ya pili kwa lenzi mpaka macho yaume, isije ikawa ni 9 iliyokwanguliwa.

Kilichotabiriwa kuwa adimu kikajaa. Kilichopuuzwa kikapotea.

Nikaona basi, nimeelewa, mzee yuko sahihi. Chakavu ilipuuzwa, ing'aayo ilitunzwa, nikampigie simu.

Sikupiga.

Ngao ya 1880

Kilichonizuia ni senti tano nyingine, ya ngao, mwaka 1880. Hii ndo sarafu inayoonyesha huu mchezo ulivyo mkali. Za matumizi ziligongwa 16,000, prufu 3,955. Kwa namba tupu ungesema prufu ndo ghali. Wapi! Zile prufu zilikaa kwenye makabati ya watu wenye nafasi, zikalindwa, ukitaka moja safi leo unaipata kwa mamia ya dola. Zile 16,000 zikaingia mtaani zikafanya kazi yake, na hakuna aliyekumbuka kuweka mpya pembeni maana mkusanyaji wa wakati ule alikuwa ameshanunua prufu yake, ana haja gani na ya dukani? Kwa hiyo 1880 ya matumizi ambayo haijatumika ni maelfu kwa maelfu ya dola.

Mwaka mmoja, mchoro mmoja, chuma kilekile, na tofauti ya bei inatosha kununua gari.

Na tofauti yenyewe utaijuaje? Hapo ndo kazi. Prufu inatakiwa ukingo wake uwe umekata pembe kali, uwanja uwe kioo, mistari ya ngao itoke yote. Lakini nikeli ni chuma kigumu, kilikuwa kinaitesa mihuri vibaya mno, ngao nyingi sana zina nyufa zilizotokana na muhuri kupasuka (mimi napenda nyufa, nina ngao moja ina ufa unapita kwenye nyota mpaka ukingoni utadhani ramani ya mto Rufiji). Prufu za miaka ile nyingine zilitoka hafifu, na za matumizi nyingine zilitoka kwenye muhuri mpya zikawa kali. Kuna sarafu ambazo watu waliofanya kazi hii maisha yao yote wanazibishania mpaka leo.

Hiyo ni zikiwa mpya. Sasa zikiwa zimelika?

Tundu lenyewe

Ndo hapo nikarudi kwenye ile chakavu ya mzee na nikashika kichwa.

Prufu 3,790, za matumizi 1,000. Prufu nayo ni pesa halali, thamani yake senti tatu. Mtu akifa watoto wanafungua droo hawajui chochote wanaenda kununulia mkate. Mtu akifilisika, na 1893 Marekani walifilisika wengi tu, anamwaga mkusanyiko wake mtaani. Prufu ikishaingia mfukoni mwa watu kioo kinaondoka, ukingo unalainika, pembe inakufa. Baada ya miaka kadhaa ni sarafu ya kijivu kama nyingine yoyote.

Kwa hiyo mzee alijuaje kwamba chakavu yake ni mojawapo ya zile elfu?

Nilimkuta kwenye maonyesho mengine, bado anayo. Nikamuuliza hivyohivyo bila kuzunguka. Akanipa kiti, akatoa lenzi yake, akanionyesha pa kuangalia, sio usoni, usoni hakuna kitu tena, angalia ndani ya herufi, kule kwenye kipembe kati ya miguu ya A na ndani ya tumbo la D, sehemu ambazo kidole na kitambaa havifiki. Kama ilikuwa prufu, wakati mwingine kunabaki kang'ao kadogo humo. Tukaangalia. Nikaona kitu. Nikageuza kwenye taa nikaona hakuna kitu. Nikageuza tena nikaona. Kama nywele ya mtoto mchanga, hivyo, huwezi kuapia.

Nikamwambia mzee, kuna kitu humu. Akasema, labda. Nikamwambia sasa labda hiyo unaniuzia kwa bei ya uhakika. Akacheka safari hii, akasema soko ndo linavyosema.

Dada yangu yuko Tanga, nilimsimulia kwenye simu nikitegemea anipe pole. Akaniuliza, sasa mdogo wangu, hiyo pesa imetumika haijatumika? Nikasema imetumika, imelika kabisa. Akasema basi ni pesa, unatafuta nini kingine.

Hakujua alichonifanyia.

Kuzaliwa na kuishi

Kwa sababu soko lote hili linapima kuzaliwa. Ulitoka kwenye muhuri gani, ulikusudiwa nani. Kwenye lebo ya plastiki inaandikwa ukoo wako na namba kwenye mizani ya 1 mpaka 70, na bei inafuata ukoo. Lakini prufu iliyomwagwa mtaani ikanunua mkate, ikalala kwenye droo ya duka, ikapita mikono elfu mpaka sura ikafutika, hiyo imefanya kazi ya pesa kuliko sarafu ya matumizi ambayo karani wa benki aliifungia kwenye karatasi ikabaki mpya. Ipi kati ya hizo mbili ndo ya matumizi?

Najua jibu la wakubwa: asili haibadiliki, prufu ni prufu hata ikianguka kwenye sinki. Sawa. Kiufundi sibishi. Ila wakishakubali hivyo wakubali na upande wa pili, kwamba senti tatu ya 1885 iliyolika mpaka asili haionekani haiwezi kuuzwa kwa bei ya asili. Uwezekano mkubwa kwa namba zenyewe ni lazima uhesabiwe. Huwezi kutumia ile 1,000 kunipandishia bei halafu 3,790 ukaisahau chini ya meza.

Nilimpa mzee ofa ya bei ya prufu iliyochoka. Akakataa kwa adabu, na sina kinyongo naye, ndiye aliyenifundisha kuangalia ndani ya herufi. Baadaye ilinunuliwa na mtu mwingine, kwa bei gani sikuuliza.

Albamu yangu sasa

Kilichobadilika ni albamu. Mwanzo nilikuwa najaza kwa kanuni za vitabu, ya matumizi pale ilipotengenezwa, prufu pale ambapo hakuna nyingine, maana kuna miaka ya senti tatu ambayo ziligongwa prufu peke yake, 1877, 1878 na 1886. Sasa hivi sharti ni moja, iwe imetumika. Ukoo siulizi.

Hii imenifanya niwe mteja wa ajabu. Naenda kwenye meza naomba prufu mbaya. Wauzaji wanadhani sijaelewa Kiingereza changu mwenyewe, wananitolea nzuri, nawaambia hapana, nataka iliyolika, iliyotembea, wananiangalia halafu wanainama chini ya meza kwenye boksi la zile wanazoona aibu kuziweka juu. Ya 1886 nimeitoa kwenye boksi kama hilo. Walitengeneza 4,290, zote prufu, hakuna nyingine ya mwaka huo, kwa hiyo hii haina ubishi ilizaliwa wapi, na bado imelika mpaka shada la nyuma limeungana na namba, na mtu amekwaruza herufi ya kwanza ya jina lake nyuma ya shingo ya Liberty. Muuzaji aliomba radhi kwa huo mkwaruzo akanishushia bei. Mimi ningelipa zaidi kwa ajili ya mkwaruzo.

Ya 1878 naiwinda. Prufu 2,350, na lazima kuna chache zilizotoroka kwenda mtaani.

Ya 1877 wanakadiria ziligongwa 510 hivi, na hiyo hata ikiwa imekanyagwa na treni bei yake inatisha. Kwa sasa tuiache hapo, mke wangu anasoma hii blogu.